Bibi, samaki hawa wananitazama

*Masoko ya Bujumbura yamejaa ndagala, lengalenga na avoka, lakini watoto wengi wa mjini wanashinda na chai ya sukari na mkate mweupe. Mwandishi wetu amefuatilia chakula hicho kuanzia getini mwa shule hadi kwenye sahani ya mwanawe.*

BUJUMBURA. Saa moja na robo asubuhi kengele ya shule haijalia, na mama mwenye ndoo nyeupe ameshauza nusu ya mandazi yake. Amekaa kwenye kigoda, mgongo ukutani, pale barabara ya vumbi ya mtaa wa Buyenzi inapolifikia geti la shule. Mkono mmoja unapokea noti zilizochakaa, wa pili unafunga andazi kwenye karatasi ya daftari. Kando yake kuna sanduku la biskuti, peremende na vichupa vya juisi ya rangi.

Nilisimama pale asubuhi tatu mfululizo. Sikumwona mtoto hata mmoja akinunua tunda, kwa sababu tunda lenyewe halikuwepo.

Mwanangu wa miaka sita alikuwa mmoja wa wateja wale. Wiki mbili kabla, muuguzi alimvuta kope la chini kwa kidole gumba, akaniita nisogee nitazame. Ndani ya kope panapotakiwa kuwa pekundu palikuwa peupe kama ganda la kitunguu saumu. Damu yake ni ndogo, alisema, kisha akaniuliza mtoto anakula nini.

Nikaanza kuhesabu: chai, mkate, wali, chipsi. Maharagwe? Anayachambua punje kwa punje na kuyaacha pembeni mwa sahani. Mboga? Hagusi. Samaki? Hataki kumwona. Muuguzi aliandika dawa ya maji ya kuongeza madini ya chuma, akaniambia chupa ile itakwisha na baada ya hapo kazi itabaki jikoni kwangu.

Siku chache baadaye mhariri akanipa kazi ya kuandika kuhusu chakula cha watoto wa mjini. Sikuweza kuiandika kama habari ya nyumba ya jirani.

Njaa iliyoshiba

Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2016 na 2017 ulikuta kwamba asilimia 56 ya watoto wa Burundi walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao. Ni nchi chache sana duniani zenye kiwango kama hicho. Utafiti huohuo uliona asilimia 61 ya watoto wa kuanzia miezi sita hadi miaka mitano walikuwa na upungufu wa damu.

Ukisoma majedwali yale mkoa kwa mkoa, Bujumbura mjini unaonekana kama kisiwa cha nafuu. Muyinga, kaskazini mashariki, ilikuwa na watoto waliodumaa karibu wawili kati ya kila watatu. Hapa jijini ilikuwa karibu mmoja kati ya wanne.

Nafuu hiyo imetulevya. Mmoja kati ya wanne maana yake ni kwamba kwenye kila benchi lenye watoto wanne, kuna mmoja ambaye mwili wake ulikosa kitu katika miaka miwili ya kwanza, na kitu hicho ni vigumu sana kukirudisha. Wengine watatu nao hawako salama kwa kuwa tu wamerefuka. Mwanangu ni mrefu kuliko wenzake, lakini kope lake lilikuwa jeupe.

Njaa ya milimani, yaani vijijini, inaonekana kwa macho. Ya mjini inakaa ndani ya tumbo lililojaa. Mtoto ameshiba, amenawa, amevaa sare safi, na kutwa nzima hakuna kitu mdomoni mwake zaidi ya unga, mafuta na sukari.

> Mtoto ameshiba, amenawa, amevaa sare safi, na kutwa nzima hakuna kitu mdomoni mwake zaidi ya unga, mafuta na sukari.

Shirika la Afya Duniani na UNICEF wana kipimo rahisi kwa watoto wa miezi 6 hadi 23. Vyakula vimegawanywa katika makundi manane: maziwa ya mama, nafaka pamoja na mizizi na ndizi za kupika, kunde na karanga, maziwa na vitokanavyo na maziwa, nyama na samaki, mayai, matunda na mboga zenye vitamini A, na matunda na mboga nyingine. Mtoto anatakiwa apate angalau makundi matano kwa siku. Kipimo hiki hakikuwekwa kwa mtoto wa miaka sita, lakini mimi nilikitumia kwa wangu, nikaandika kila alichokula tangu Jumatatu hadi Ijumaa. Siku nzuri alifikisha makundi matatu. Jumatano ilikuwa moja: chai ya rangi na mkate, wali mkavu, kisha mkate tena.

Serikali haikukaa bure. Tangu mwaka 2006 matibabu ya watoto wa chini ya miaka mitano hayalipiwi. Mara mbili kwa mwaka kuna wiki ya afya ya mama na mtoto, na watoto hupewa matone ya vitamini A na dawa ya minyoo. Abaremeshakiyago, wahudumu wa afya wa mitaani, hupita nyumba kwa nyumba wakipima mikono ya watoto kwa utepe wa rangi. Haya yote yameokoa maisha. Lakini matone huja mara mbili kwa mwaka, na sahani huwekwa mezani kila siku.

Ruvumera, saa tatu

Mama yangu alikuja kutoka Rumonge akiwa na mizigo miwili: chupa ya mafuta ya mawese mekundu na furushi la ndagala wakavu lililofungwa kwa kitenge. Nilipomweleza habari za mjukuu wake hakushtuka. Aliniambia tu, "Twende sokoni, baba, nione mnakula nini huku mjini."

Soko la Ruvumera liko humuhumu Buyenzi. Tangu soko kuu la jiji lilipoungua Januari 2013, biashara nyingi zilisambaa kwenye masoko ya mitaani, na Ruvumera likazidi kubanana. Unapita kwa bega. Nguo upande huu, betri za simu upande ule, halafu ghafla harufu inabadilika na unajua umefika kwenye samaki.

Ndagala wamelundikwa kama vilima vya fedha. Mama alichukua mmoja, akamvunja katikati kwa kucha, akamnusa, akamrudisha. Akaenda lundo la pili. Ndagala mzuri, alinifundisha, anang'aa mgongoni na akivunjwa hasagiki unga. Mwenye rangi ya kahawia amenyeshewa na mvua wakati wa kuanikwa. Mchanga unaujua kwa kuwasugua viganjani.

Samaki huyu mdogo wa Ziwa Tanganyika ni hazina. Aina yake mojawapo ilipelekwa hadi Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na ndiye sambaza anayeliwa leo Goma na Bukavu. Huliwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo mtoto anapata nyama na chokaa ya mifupa kwa tonge moja. Mafuta ya mawese nayo yana wekundu ule kwa sababu ya kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, ileile inayotafutwa kwenye matone ya wiki ya afya.

Hatua chache mbele kuna mafungu ya lengalenga yenye umande, isombe (majani ya muhogo) iliyokwisha kutwangwa, maboga, viazi vitamu, mapapai, na avoka kubwa kama ngumi ya mwanaume. Nilikuwa nimepita pale miaka yote nikitafuta mchele na soseji. Mama alisimama katikati ya njia, watu wakimsukuma, akauliza ni kitu gani hasa ambacho mtoto wangu anakikosa mjini. Sikuwa na jibu.

Hesabu ya makaa

Jibu nilipewa na jirani yetu, mama wa watoto wanne anayeuza vitenge sokoni. Anatoka nyumbani kungali giza na kurudi jua limezama. Niliposema maharagwe ni bora kuliko mandazi, alinisikiliza kwa heshima, kisha akanipigia hesabu.

Sufuria ya maharagwe hukaa kwenye mbabula, jiko la makaa, saa mbili, na yakiwa ya zamani saa tatu. Makaa ya saa tatu yananunuliwa. Mtu wa kuyakalia anahitajika pia, na binti mkubwa yuko shule. Andazi halili makaa yake wala halimdai muda. Limekwisha kupikwa na mtu mwingine, linamshibisha mtoto hadi saa sita, na bei yake anaijua tangu jana. Kwake hilo andazi ni akili, na mtu yeyote aliyewahi kulea watoto wanne kwa mauzo ya vitenge hawezi kumwita mjinga.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu lishe hapa kwetu huanza kwa kumhubiria mama. Anaambiwa "hajui". Anajua. Yeye mwenyewe alilelewa kwa maharagwe na isombe huko mlimani, na anaijua ladha yake kuliko daktari. Kinachomshinda ni moto, muda na bei inayopanda kabla hajarudi sokoni. Mafuta ya magari yakiadimika, mboga kutoka milimani hupanda. Uvuvi ulipositishwa ziwani kwa miezi mitatu mwaka 2024 ili samaki wazaane, uamuzi ambao ulikuwa wa lazima kwa afya ya ziwa, ndagala waligeuka chakula cha kuhesabiwa.

> Anaambiwa "hajui". Anajua. Kinachomshinda ni moto, muda na bei.

Hata hivyo hesabu yake ina tundu, na nilimwambia. Maharagwe yakilowekwa usiku kucha, maji yale yakamwagwa, muda wa motoni hupungua sana. Yakipikwa mara moja kwa siku mbili, moto ni mmoja. Na karanga hazihitaji makaa mengi: kikaango, moto mdogo, dakika chache. Ndagala vilevile. Alicheka, akasema kuloweka anajua, tatizo ni kwamba jioni hana hela ya maharagwe ya kesho; ana hela ya leo tu. Hapo nilinyamaza.

Kuna njia moja ambayo Burundi imeijaribu kwa miaka mingi, na naiamini kuliko mabango. Kwenye milima mingi, akina mama wenye watoto waliodhoofu hukusanyika kwa takriban siku 12 nyumbani kwa mwenzao ambaye mtoto wake ana afya ingawa kipato chake ni kilekile. Kwa Kifaransa mama huyo huitwa "maman lumière", mama wa mwanga. Kila mmoja analeta alichonacho, huyu mboga, yule ndagala, yule unga, wanapika chungu kimoja, watoto wanakula pamoja, na uzito wao unapimwa mwanzo na mwisho. Uzuri wake ni kwamba hakuna anayeletewa chakula kigeni. Moto ni mmoja kwa watoto kumi.

Mitaa yetu ina kuta zinazogusana na mabomba ya maji ya pamoja. Sioni kwa nini Buyenzi, Bwiza au Kinama zishindwe kuwa na chungu cha namna hiyo mara mbili kwa wiki, hata kwa watoto ambao bado hawajadhoofu. Mpango wa chakula shuleni unaosaidiwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (PAM) umeelekezwa zaidi mikoani, na ni haki kwa kuwa huko shida ni kubwa. Basi mjini tuanze na tulichonacho.

Fanta ya heshima

Si kila kitu ni umaskini. Mimi nina mshahara, na mwanangu ndiye aliyekuwa na kope jeupe.

Hapa kila soda huitwa fanta. Mgeni akija, fanta. Mgonjwa akilazwa, fanta. Harusi isiyo na kreti za fanta itasemwa mtaani mwaka mzima. Nami kila Ijumaa nilirudi nyumbani na chupa na biskuti ndani ya bahasha, mtoto akanikimbilia hadi barabarani. Nilizitamani zile mbio zake tangu mchana ofisini. Chupa ya mililita 300 ina sukari gramu 30 au zaidi, vijiko vya chai karibu saba. Nani kati yetu angemkorogea mtoto vijiko saba kwenye glasi moja, tena mbele ya mama yake?

Kuna aibu pia. Isombe na ndagala tumevipachika jina la chakula cha shida. Anayepata anataka watoto wake wale chipsi, na shemeji akija ghafla mchana akakuta ndagala mezani, wengine huomba radhi. Mke wangu aliniambia jambo hili waziwazi, na alikuwa anasema kweli: miaka yote sijawahi kula ndagala mbele ya mtoto. Nilikula kwa rafiki zangu, kwenye mishikaki na ndizi za kuchoma, kisha nikarudi nyumbani kumwamuru yeye ale.

Mara ya kumi

Mwanasaikolojia wa Marekani, Leann Birch, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza watoto wadogo wanavyojifunza kupenda chakula. Kuanzia miaka ya 1980 yeye na wenzake walionyesha kwamba mtoto hukizoea chakula kipya kwa kukionja tena na tena, mara nane, kumi, hata kumi na tano. Wazazi wengi huishia mara ya tatu na kusema, "Huyu hapendi." Walionyesha pia kwamba ukimwambia mtoto "kula hiki upate kile", unakishusha kile anacholazimishwa kula na kukipandisha kile anachoahidiwa. Kumbe nilivyosema "maliza maharagwe upewe biskuti", nilikuwa naitangaza biskuti.

Mama yangu hakuwa na habari za Birch, na hakukubaliana naye. Kwao Rumonge mtoto haulizwi. Chakula kimewekwa, ale au alale. Usiku wa kwanza alimwekea mjukuu sahani ya ugali wa muhogo na ndagala wa nyanya, na mjukuu akakaa akiwatazama hadi wakapoa.

"Bibi, samaki hawa wananitazama," alisema.

Nilijua kitakachofuata ni makelele. Mama hakugomba. Alivuta sahani, akawakata vichwa kimoja kimoja kwa kucha zilezile za sokoni, akavipanga pembeni.

"Haya, mjukuu wangu. Sasa hawaoni."

Hakula. Lakini hakulia pia, na kwangu hiyo ilikuwa hatua.

Kuanzia hapo tulikubaliana, baada ya mabishano ya siku mbili kati yangu na mama. Sisi tunachagua kinachopikwa na saa ya kula. Mtoto anachagua kiasi, hata kama ni tonge moja. Hakuna chungu cha pili cha mtoto. Wote tunakula kimoja, na mimi nakula kwanza. Chai haiondoki, kwa kuwa Buyenzi bila chai si Buyenzi, ila inanywewa mbali na mlo, saa moja hivi, maana majani ya chai huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye maharagwe na mboga. Sukari ilishuka kutoka vijiko vitatu hadi viwili, na wiki ya tatu hadi kimoja. Alitambua siku ya kwanza tu.

Kilichofungua njia ni unga. Mama aliwatoa ndagala vichwa, akawaosha maji ya vuguvugu mara tatu hadi mchanga ulipokwisha chini ya beseni, akawaanika, akawakausha kikaangoni bila mafuta, akawatwanga kwenye kinu kidogo cha vitunguu. Ukapatikana unga wa rangi ya majivu, wenye harufu kali kwa dakika tano, kisha unaotulia. Kijiko kimoja kiliingia kwenye maharagwe yenye mawese. Kingine kwenye lengalenga, na juu yake limau, kwa sababu uchachu wa limau unasaidia chuma kuingia mwilini. Mtoto alikula maharagwe yale bila kuuliza. Sikupenda kumficha, kwa hiyo kesho yake nilimwonyesha kinu. Akaomba kutwanga yeye.

Isombe bado hataki. Nimeandika kwenye daftari: mara ya saba. Avoka aliikubali mara ya nne, ikiwa imepakwa kwenye mkate badala ya siagi. Mayai anakula kiini na kuacha ute. Ijumaa bado ananikimbilia barabarani, na kwenye bahasha sasa kuna embe au papai. Siku ya kwanza aliangalia ndani, akarudi bila kusema neno, na niliumia.

Getini tena

Nilirudi kwa mama wa mandazi. Baadhi ya wazazi ninaowafahamu wanataka wauzaji wote waondolewe mbele ya shule. Sikubaliani nao. Ndoo ile inalipa kodi ya chumba chake na karo za wanawe, na akiondolewa pale atahamia kona ya pili, na watoto watavuka barabara kumfuata.

Nilimwuliza kama angejaribu kuweka karanga na ndizi kando ya mandazi. Aliniuliza hasara itakuwa ya nani zikioza. Lilikuwa swali la haki. Wazazi watano wa mtaa wetu tulichanga mtaji wa wiki mbili, tukakubaliana kwamba kitakachobaki si deni lake. Asubuhi ya Jumatatu sanduku la biskuti lilikuwa limesogea nyuma kidogo, na mbele kulikuwa na karanga zilizofungwa kwenye koni za karatasi, na chane mbili za kamaramasenge, zile ndizi fupi tamu.

Karanga ziliisha kabla ya kengele. Mandazi yaliisha kama kawaida. Ndizi alibakiwa na saba, akazifunga kwenye kitenge akawapelekea watoto wake.